Gari Lililoagizwa Kulala Siku Saba

Siku ambayo mama mkwe wake alikuwa anafika kwa basi la saa tisa, Daktari aliamka na gari linalotetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Udaktari wenyewe alijipa. Alinunua mitumbani kifaa chenye mirija cha kupimia mapigo ya moyo, akakitundika shingoni, na tangu hapo akawa anazunguka mitaani akitibu magari ya watu nyumbani kwao. Magari hayakuwahi kulalamika. Waliolalamika ni wenye magari, lakini kufikia hapo Daktari huwa yuko mtaa wa tatu.

Ugonjwa wa gari lake aliujua. Lilikuwa na koili nne, vile vidude vinavyozipa plagi cheche, na moja ilikuwa imekufa. Mkewe alishamwambia bila kupandisha sauti, na huko kutopandisha sauti ndiko kulikomtisha: safari iliyopita mama alirushwarushwa mpaka meno ya bandia yakamtoka. Akitikiswa tena leo, mama anageuza na binti yake anaondoka naye.

Saa nne asubuhi Daktari akaona riziki. Ndani ya geti lililo wazi, bibi mmoja mnene mwenye aproni alikuwa ameinamia injini ya gari jeupe, spana mkononi. Injini ilikuwa inakohoa. Daktari akaegesha nje, akafungua kamba iliyoshikilia boneti lake, akachomoa ile koili mfu, akaipaka mafuta mpaka ikang'aa, akaitia mfukoni.

"Shikamoo, mama. Huyu anaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Ni koili. Nataka nimbadilishie mwenyewe."

"Hapa nyumbani, bila kumpima? Unaweza ukampoteza."

Akaweka kifaa chake juu ya injini, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya. Akaeleza kwamba moyo wa gari una vyumba vinne na chumba kimoja kimeingia baridi. Malipo hakutaka, wazazi aliwatibu kwa thawabu tu, ila afanye upesi kwa sababu saa tisa anampokea mama mkwe stendi. Bibi akamtazama shingoni. Kisha akasema yeye amekuwa mkunga miaka thelathini, kwa hiyo wao ni watu wa kazi moja. Daktari akajikaza asicheke.

Wakazima injini, wakachomoa waya wa betri. Daktari akavua soketi, akafungua bolti, akavuta koili moja baada ya nyingine. Kila iliyotoka, mkunga aliipokea kwa mikono miwili, akailaza juu ya kitambaa cheupe na kuifunga uzi wa rangi yake. Wodini walifanya hivyo, alisema, ili mama asiondoke na mtoto wa mwenzake. Akafunga mweupe, wa kijani na wa njano. Ya nne akaifunga mwekundu, akaipapasa.

"Huyu ndiye mzima kuliko wote. Hao wengine siwajui vizuri, lakini huyu umtunze kama mboni ya jicho."

Daktari akaahidi kwa mkono kifuani. Uchaguzi alikuwa amefanyiwa tayari.

Lakini kabla hajarudisha hata moja, mkunga akamwamuru akanawe. Bomba liko nyuma ya nyumba, sabuni mpaka viwikoni, ahesabu mpaka mia mbili, tena kwa sauti. Daktari akanawa akihesabu. Kwenye mia moja na arobaini akaruka mpaka mia na sabini, na sauti ya mkunga ikamjia kutoka upande wa geti ikimrudisha mia na arobaini.

Aliporudi alimkuta bibi ameketi, mikono mapajani, anahema kidogo. Akamwomba akalete blanketi la mgonjwa. Bibi alipoingia ndani tu, uzi mwekundu ukahamia kwenye koili mfu, na koili ya uzi mwekundu ikahamia mfukoni. Daktari akazifunga nne zote.

"Apumzike siku saba," akasema. "Asiwashwe, asishtuliwe."

Mkunga akalifunika boneti kwa blanketi, akalichomekea pembeni kama kitanda.

Kwenye kona, Daktari akaipachika koili ya wizi, akawasha. Gari likatetemeka kuliko asubuhi. Akajiambia lile alilowaambia wateja wake miaka yote, kwamba koili ngeni lazima izoee kwanza, na kwa mara ya kwanza akaelewa lilivyo neno lisilo na faraja. Stendi, alikokuwa anasubiriwa na mkewe, alifika kwa kurukaruka. Mama mkwe aliingia, akavua meno yake mwenyewe na kuyafunga kwenye leso. Gari likajinyonga mara moja, likazima. Halikuwaka tena.

Ndipo gari jeupe likaja likasimama pembeni yao, kimya kama paka. Mkunga akashusha kioo.

"Yule uliyeniachia nimemtoa, amekufa," akasema. "Mwekundu uliyemwiba alikufa jana. Na ulipokuwa unahesabu nilimchukua mzima mmoja kwenye gari lako, mahali pake nikamlaza marehemu wangu wa mwaka juzi. Ukivaa miwani utamwona, ana uzi mweusi."

Daktari akauliza amejuaje.

"Miaka thelathini nimesikiliza mioyo, mwanangu. Ile mirija huwa tunaiweka masikioni. Ya kwako ilikuwa inaning'inia shingoni."

Mke hakupandisha sauti. Alichukua begi la mama yake, akauliza gari jeupe linaelekea wapi, na mkunga akajibu kwamba analijaribu tu, popote watakapo. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, anafungua leso, anarudisha meno yake moja kwa moja mahali pake.

Kabla ya kuondoka mkunga alimpitishia Daktari blanketi dirishani.

"Siku saba," akasema. "Na usimshtue."