Namna ya Kumwondoa Kinyozi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bango limetoka. Nimelitazama dakika kumi nzima ukutani pa ukumbi, nikitumaini litabadilika. Halikubadilika. Katikati yuko Kinyozi, gitaa kifuani, kichwa nyuma, kama mtu anayekamuliwa jipu. Kushoto Nyundo na dramu zake. Kulia Mwalimu na besi. Mimi niko pembeni kabisa, nusu uso. Nusu ya pili imeliwa na ukingo wa karatasi.

Mimi, mwanzilishi na mwimbaji wa Radi Kavu. Miaka kumi na moja ya roki nzito. Wanachama kumi na tisa wamepita mikononi mwangu, saba kati yao wapiga besi. Mmoja aliondoka na besi yenyewe. Tuliobaki tangu siku ya kwanza ni wawili: mimi na Nyundo, fundi wa kunyoosha bodi za magari, rafiki yangu tangu darasa la pili. Kinyozi ana miezi minane tu. Nilimchukua kwa sababu alikuja na spika zake. Tamaa mbele.

Onyesho ni Jumamosi tarehe 22, saa tisa alasiri. Ukumbi una viti mia tatu. Hatujawahi kupata ukumbi wenye viti. Kabla ya siku hiyo Kinyozi awe ameondoka, na ionekane kaondoka kwa hiari yake. Solo nitapiga mimi. Nimeshaanza mazoezi ya kurusha kichwa nyuma. Shingo inauma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mazoezi yetu ni kwenye ghala la matairi la shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Mimi ndiye mtunza stoo. Matairi hunywa kelele, ila si zote.

Leo nimeleta katiba. Kifungu kimoja: solo isizidi dakika moja. Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu na huhesabu mapigo hata anapotafuna, nikampa saa ashike. Kinyozi akasema sheria ni sheria, hana neno. Akaanza.

Alipomaliza nikamuuliza Mwalimu zimetumika dakika ngapi. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Akasema samahani, alisahau kwamba ana saa.

Jirani anayeuza vitanda akatokea mlangoni. Nikajua amekuja kulalamika kama kawaida yake, nikafurahi. Akauliza kama ile ya mwisho inaweza kurudiwa. Nikamjibu katiba hairuhusu. Wakairudia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata dawa. Mtu hafukuzwi, mtu huitwa kwingine.

Nimeandika barua kutoka bendi iitwayo Chuma Moto. Hakuna bendi kama hiyo, nimeitunga nikipanga matairi ya trekta. Ni bendi kubwa ya mji wa mbali, wamesikia sifa za Kinyozi, wanamtaka haraka. Ajibu kwa mwakilishi wao hapa mjini, kwa sanduku la posta. Nikaweka namba ya sanduku la shemeji, maana ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa. Nimetumia barua na si simu kwa sababu simu ina namba, na namba ina mwenyewe. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Imenichukua saa mbili na nusu. Herufi zimelala kama zimelewa.

Alfajiri nimeipenyeza chini ya mlango wa Kinyozi. Nimetembea kurudi huku nikipiga mluzi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kinyozi kaja na barua mazoezini. Akaisoma mbele ya wote, machozi yakimlengalenga. Kisha akaikunja akasema hawezi kwenda. Sisi ni ndugu zake, hapa ndipo alipojisikia mtu. Mwalimu akamkumbatia. Ikabidi nami nimkumbatie. Ananukia poda.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Nyundo, nyuma ya dramu, akanyoosha mkono akaiomba ile barua. Akanakili namba ya sanduku kwenye kiganja.

Nikamuuliza ya nini. Akasema kama Kinyozi haendi, pengine wanahitaji mpiga dramu. Si vibaya mtu kujaribu bahati yake mara moja maishani.

Nimerudi nyumbani bila kula. Kufungua mdomo siwezi, kufunga mdomo siwezi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Barua ya Nyundo imefika. Nimewahi posta kabla ya dada, kwa kawaida ndiye anayefungua sanduku. Nimeisomea nyuma ya ghala.

Anaeleza kwamba ana vijiti vyake mwenyewe, hanywi, hachelewi. Kisha hivi, neno kwa neno: “Nimepiga na kiongozi wangu miaka kumi na moja. Ni rafiki yangu na sina ugomvi naye. Ila hajawahi hata siku moja kuniambia kwamba nimepiga vizuri. Mimi si mtu wa kutaka makubwa. Ningependa tu kusikia mara moja kabla mikono haijachoka.”

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeketi juu ya tairi.

Baadaye nikaona kaandika “uzowefu” badala ya “uzoefu”, nikajisikia nafuu kidogo.

Ningeweza kwenda gereji nikamwambia. Ni mwendo wa dakika nne. Nimeona ni busara zaidi Chuma Moto wamwambie. Nimeshika kalamu, mkono wa kushoto: “Habari zako tunazo. Unapiga vizuri sana. Kwa bahati mbaya nafasi imejaa. Baki na kiongozi wako, ambaye hata huku kwetu anajulikana kuwa jabali la muziki.” Hiyo sentensi ya mwisho ilijileta yenyewe.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nyundo kafika na barua mfukoni, mdomo hadi masikioni. Kaisoma mazoezini. Penye “unapiga vizuri sana” akapunguza mwendo. Penye “jabali la muziki” Kinyozi akapaliwa na maji, Mwalimu akampiga mgongo kwa mapigo ya nne kwa nne.

Nyundo hakuona kicheko. Siku nzima alipiga kama mtu aliyezaliwa upya. Sijawahi kumsikia hivyo. Mambo yote yametengemaa, nami sikutumia hata tone la aibu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nyundo ana adabu. Hilo ndilo sikulipigia hesabu. Mtu mwenye adabu akisifiwa hushukuru.

Kawaandikia Chuma Moto barua ya shukrani. Leo dada kaenda posta, kafungua sanduku la mumewe, kakuta bahasha ya bendi asiyoijua. Dada si mtu wa kuuliza maswali barabarani. Kaenda moja kwa moja gereji, kamwita Nyundo kutoka chini ya gari, kaomba aonyeshwe barua aliyojibiwa. Mwandiko wangu wa kushoto anaujua. Utotoni nilivunjika mkono wa kulia, na mwaka ule ndiye aliyekuwa akinifundisha kuandika.

Saa kumi na moja wakaja ghalani wote wanne, dada mbele. Wakasimama katikati ya matairi ya malori. Dada akasema, “Mdogo wangu, nimekulea, sikukufunza hivi.” Hilo ndilo lililouma.

Kinyozi alitazama viatu vyake.

Nyundo akauliza swali moja tu. “Ile barua ya kusema napiga vizuri, uliandika wewe?”

Nikasema ndiyo.

“Hilo neno lilikuwa la kweli, au nalo ni sehemu ya uongo?”

Hapo palihitaji neno moja. Mtoto wa chekechea angelijua. Mimi nikamjibu kwamba hilo ni suala la kiufundi, linahitaji kujadiliwa kwenye kikao.

Basi wakafanya kikao. Kura tatu kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu. Nimetolewa kwenye bendi niliyoianzisha, ndani ya ghala ninalolitunza, na ikabidi niwafungulie mlango watoke maana funguo ninazo mimi.

Atakayeimba Jumamosi ni dada. Nyimbo zangu zote anazijua. Kazisikia kupitia ukuta wa ghala, unaopakana na nyumba yao, miaka kumi na moja.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Sijali.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Nimekumbuka jambo, na moyo umetulia. Amplifaya kubwa ya bendi ina waya mbovu nyuma, karibu na plagi. Ikipata moto hukata. Ni mimi tu ninayejua mahali pa kuubana. Wengine wanadhani ina hasira.

Kesho nitakwenda ukumbini kama mtazamaji wa kawaida. Nitakaa nyuma, miguu nimekunja. Itakata. Watahangaika. Watanitafuta kwa macho. Nitawaacha wanitafute kidogo, kisha nitainuka taratibu. Nimepiga pasi shati jeusi.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Viti vyote mia tatu, na watu wamesimama ukutani.

Ikakata wimbo wa tatu, kama nilivyotabiri. Gitaa likafa, besi ikafa, maikrofoni ikafa. Nikajiweka sawa kitini na kusubiri macho.

Hakuna aliyenitafuta. Nyundo hakuacha kupiga hata pigo moja. Dada akaweka maikrofoni chini, akaimba kwa koo lake, na watu wakaanza kupiga makofi pamoja na dramu. Kinyozi na Mwalimu nao wakapiga makofi. Ukumbi mzima. Ilikuwa nzuri kuliko tulivyowahi kupiga tukiwa na umeme. Nasema hivi hapa tu, ndani ya daftari hili.

Kisha nikasikia kwamba wimbo wenyewe ni “Moshi wa Mpira”, wangu, nilioutunga kati ya matairi mwaka ule baba alipofariki. Ubeti wa pili unakuja. Ubeti wa pili una neno moja linaloimbwa kwa sauti ya chini, na bila maikrofoni watu wa nyuma wasingelisikia. Miguu ikainuka bila ruhusa yangu. Nikapita pembeni, nikachuchumaa nyuma ya amplifaya, nikaubana ule waya kwa vidole viwili.

Sauti ikarudi. Neno likasikika hadi mlangoni.

Nikataka kuachia, ikakata. Nikabana, ikarudi. Mtu mmoja wa ukumbini akanishika bega akasema, fundi, hapo hapo usisogee. Nimekaa nimechuchumaa nyimbo tisa. Magoti yamekufa ganzi. Watu mia tatu hawakujua kama nipo.

Nyundo alijua. Ngoma zake zilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Walipomaliza akaleta chupa ya maji, akakaa chini kando yangu kwa sababu mimi nilishindwa kusimama.

Nikamwambia wimbo wa tano ulikimbia kidogo. Akaitikia kwa kichwa, akasubiri. Nikasema, “Lakini zile nyingine umepiga vizuri.”

Akacheka mpaka akamwaga maji. Akasema lile “lakini” ndilo lililomthibitishia kwamba nasema kweli.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Wamekuja nyumbani, wakakuta miguu yangu ndani ya beseni la maji ya moto. Kinyozi ndiye aliyeanza. Akasema ile barua ya kwanza bado anayo na hataitupa, maana hata kama ni ya uongo, hajawahi kuandikiwa maneno mazuri hivyo. Nikakohoa.

Wamenirudisha. Nitapiga gitaa la pili na kubana waya. Kiongozi ni dada. Sharti ni moja: nisionekane na karatasi wala kalamu mazoezini. Nimekubali yote. Nilipokubali nikafunika uso kwa taulo, nikasema ni mvuke wa maji.

Nyundo alipoondoka alinigonga bega kwa ngumi. Bado panauma. Sitaki pakome.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Mtu akipewa nafasi ya pili haichezei. Mimi sasa ni mtu mwingine.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Mazoezi ya kwanza. Jirani wa vitanda kaleta kiti chake mwenyewe. Kakielekeza kwa dada. Watu wawili barabarani wamemwita dada “mama wa Radi Kavu”. Mama. Bendi niliyoizaa mimi.

Sina kinyongo. Nafikiria tu masilahi ya bendi. Mtu mmoja hawezi kuimba, kuongoza na kutunza familia, atachoka, na mimi kama mdogo wake ni wajibu wangu kumpunguzia mzigo. Kwa hiyo mchana, tukipanga matairi, nikamdokeza shemeji kwamba mkewe haonekani nyumbani siku hizi. Nilitarajia akunje uso. Shemeji akafikiri kidogo, akasema kweli, hata yeye kammisi, basi naye atajiunga wawe pamoja. Atapiga kinanda.

Nikamuuliza kama anajua kupiga kinanda. Akasema hajawahi kukigusa, ila atamuuliza dada kama ni kigumu.

Mwanzo nilikata tamaa. Kisha nikapiga hesabu. Tutakuwa sita, na kwa kura nne uongozi unarudi kwangu. Shemeji ni mtu mzima, mwenye ghala lake na msimamo wake, na mimi ndiye nitakayempendekeza. Nitadai apewe haki kamili ya kura. Yangu na yake ni mbili. Mwalimu anapenda hesabu zilizonyooka, nitamwonyesha. Tatu.

Imebaki ya Nyundo. Kesho nitapita gereji nimwambie kwamba anapiga vizuri.