Mshangao wa Kichwa Chini

Alhamisi, 9 Mei

Kikao cha kamati ya maktaba ya mtaa wetu, hapa Montevideo. Nimeshinda! Au karibu nishinde.

Shida yetu ni hii. Wanachama hututumia habari za jarida kwa simu, maandishi matupu, na mimi ndiye ninayekisia neno lipi liwe la herufi nzito na lipi la mlazo. Nikikosea, nalaumiwa mwezi mzima. Dawa ni mwandishi mwenyewe aweke alama ndani ya sentensi, kompyuta iione, ifanye kazi yake, kisha iifute. Nidia, mkutubi wetu, anataka nyota: nyota kabla ya neno, nyota baada yake. Eti ndivyo dunia nzima inavyofanya. Nikasimama. Nikauliza nyota itajuaje kama inaingia au inatoka. Nikaendelea. Kihispania chetu kimetupa bure kitu ambacho wengine hawana: alama ya mshangao ya kufungulia, kichwa chini miguu juu, ¡, na ya kufungia, !. Hizo ziwe herufi nzito. Nazo ¿ na ? ziwe mlazo. Mfumo wangu nimeuita Clarito, yaani wazi kabisa.

Nidia akauliza, mtu akitaka kushangaa kweli atafanyaje. Nikamwambia hilo ni dogo.

Kamati ilikuwa na njaa. Wakanipa toleo la Mei nijaribu, tarehe 21 wapige kura. Nimefundisha kompyuta sekondari miaka thelathini na hakuna aliyewahi kutumia kitu nilichobuni. Hata mimi mwenyewe. Safari hii watatumia.

Jumamosi, 11 Mei

Programu tayari. Nimeijaribu kwa wasifu wangu mwenyewe. Nimetoka vizuri, mzito pale panapostahili.

Halafu makala zikaanza kuingia. Msiba! Hakuna anayefungua. Kwenye simu watu wanaandika alama ya kufungia tu, ile ya kwanza wanaiona usumbufu. Nimehesabu: za kufungia arobaini na tatu, za kufungulia nne. Tatu kati ya hizo ni zangu. Montevideo nzima ilifundishwa shuleni kuandika zote mbili, na Montevideo nzima imeacha.

Nimebandika tangazo mlangoni: FUNGUA KABLA YA KUFUNGA. Kufika saa sita, mtu ameongeza chini kwa penseli: hata mlango wa choo. Mwandiko wa Nidia naujua.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua tangu asubuhi, kwa hiyo torta frita, maandazi yetu ya siku za mvua. Mama wa Nidia ameleta sahani nzima. Nimekula nne huku nikifikiri.

Kanuni mpya: kompyuta ikikuta alama ya kufungia iliyo peke yake, irudi hadi mwanzo wa sentensi, yote iwe nzito. Nimejaribu kwa ripoti ya Washington, kocha wetu wa sataranji. Aliandika kwamba timu imefungwa tena! Hakuweka nukta popote, kwa hiyo imetoka nyeusi ukurasa mzima, utadhani tangazo la vita. Nilipomtumia aione, Washington akanipigia simu kuuliza kwa nini namwaibisha. Halafu mama mmoja, kwenye maelekezo ya jamu ya mapera, akafungua na hakufunga. Herufi nzito kuanzia sukari hadi ratiba ya Desemba.

Maswali nayo yameinama na kupoteza alama zake. Niliuliza, kwenye nakala ya majaribio niliyobandika ukutani, nani ana ufunguo wa stoo. Ikatoka kama taarifa. Sasa watu watatu wanaamini kuna bwana anaitwa Nani, ndiye mwenye ufunguo.

Lakini nimepata ufumbuzi. Anayetaka mshangao wa kweli aandike alama mara mbili, ¡¡ na !!. Nidia akauliza kama nina maana kwamba mtu sasa, ili apige kelele, lazima apige kelele mara mbili. Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Mwalimu, akaniambia akifuta machozi, wewe ni hazina, usife upesi.

Nimelichukua kama sifa.

Jumatano, 15 Mei

Doña Clotilde, bibi wa mtaani kwetu, ameleta ukurasa wake. Ana miaka themanini na mmoja, na kila Mei huleta ukurasa mmoja uliopigwa taipu, unaomhusu mdogo wake, Dardo. Askari walimchukua mwaka 1976. Hawakumrudisha, na hawajasema walimpeleka wapi. Ukurasa ni mfupi. Mwaka huu unaeleza alivyokuwa akipiga mbinja kwenye ngazi ili mama yao ajue ni yeye. Mwishoni, kama kila mwaka, jina lake na jibu tunalolitoa kwenye Maandamano ya Kimya ya tarehe 20, majina ya waliochukuliwa yanaposomwa: ¡Presente! Yaani yupo.

Akaniomba niuandike kama ulivyo. Kama ulivyo, mwanangu, usiguse hata nukta. Nikamwahidi. Nimeunakili herufi kwa herufi, wala sikugusa nukta.

Nilifikiri sana baada ya kumaliza. Mambo yote tunayoyapigia kelele humu, kufungwa sataranji, jamu, ufunguo. Yeye ana mshangao mmoja tu kwa mwaka.

Ijumaa, 17 Mei

Nakala mia tatu zimetoka kwa mpiga chapa. Nzuri! Doña Clotilde alikuja kuchukua yake kabla hatujaanza kuzigawa. Nikamfungulia mwenyewe ukurasa. Nikamwonyesha jinsi neno la mwisho lilivyotoka nzito, jeusi, kubwa kuliko yote. Nikangoja pongezi.

Akaweka kidole juu ya neno. Akauliza alama zake ziko wapi.

Nikamweleza kwamba kompyuta ikiona ile ya kufungulia na ile ya kufungia inatia uzito, kisha inazifuta. Ndiyo kanuni. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akasema neno limewekewa wino mwingi, lakini halijasemwa. Kwamba siku zote za mwaka ananyamaza, kwenye foleni, kwenye lifti, anapokutana na watu ambao pengine wanajua. Siku moja anapaza sauti. Wewe mwanangu umeniziba mdomo, akasema, tena kwa herufi nzuri.

Akaondoka bila nakala yake.

Kanuni ya kuandika mara mbili niliitunga mimi. Ukimtoa Nidia, mtu pekee duniani anayeijua ni mimi. Nikaisahau mimi! Nidia hakunitania. Afadhali angenitania. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utoto.

Jumapili, 19 Mei

Nilikwenda kwake jana, nikaomba radhi mlangoni. Akanijibu kwamba radhi hazitoshi, ana kalamu.

Leo tumekaa maktabani watatu, tukapokezana kibuyu kimoja cha chai chungu tunayoiita mate, nakala mia tatu mezani. Doña Clotilde anaweka alama ya kufungulia. Nidia ya kufungia. Mimi nimepewa kazi ya kupuliza wino ukauke.

Nikamuuliza Doña Clotilde kwa nini asitosheke na ya mwisho, kama mtaa mzima. Akasema ile ya kwanza ndiyo yenye kazi. Inamwambia msomaji avute pumzi, kwamba neno linalokuja halisemwi kwa sauti ya kawaida. Ile ya mwisho inamkuta ameshalisema. Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Miaka thelathini ya kufundisha, na sikuwahi kujiuliza alama ile ipo kwa ajili ya nani.

Mkono wake ulichoka kwenye nakala ya mia mbili. Hakukubali nimpokee.

Jumanne, 21 Mei

Jana tulitembea barabara kuu, maelfu ya watu, hakuna anayesema neno. Mwishoni majina yakasomwa. Lilipofika la Dardo nilimsikia Doña Clotilde kabla sijamwona. Nililia, sioni haya kusema.

Leo kura. Nyota saba, Clarito moja. Yangu. Hata mimi nilisitasita.

Sina kinyongo. Somo nimelipata, na naliandika hapa kwa moyo wote: alama ambayo watu wanaitumia kupaza sauti yao, usiiguse kamwe.

Kwa hiyo kistari kirefu! Wazo limenijia nikirudi nyumbani. Kistari hakishangai, hakiulizi, kinakaa kimya pale kilipowekwa. Hakimdhuru mtu. Kikionekana, herufi nzito hadi mwisho wa mstari, kisha kinafutwa. Clarito ya pili! Nidia nilipomwambia akashika kichwa, akauliza kama sijawahi kufungua kitabu cha hadithi. Wivu.

Nimeshaijaribu kwa ukurasa wa Doña Clotilde wa Juni, aliouleta mapema kwa sababu amenisamehe. Ni maongezi yake na Dardo jikoni, Jumapili ya mwisho. Yeye anasema, Dardo anajibu, na kila mmoja anapofungua mdomo pana kistari kirefu mwanzoni mwa mstari, kama ilivyo katika vitabu vyetu vyote. Vistari arobaini na moja. Bahati iliyoje! Kompyuta imevifuta vyote. Ukurasa umetoka mweusi tii, umenyooka, hakuna kinachokatiza, na unasomeka kama mtu mmoja anayeongea peke yake.

Kesho asubuhi nampelekea.