Mazoezi ya Kaskazi Yalivyonifikisha Msikitini Nimelala

Leo nimeadhirika.

Nakuandikieni leo hii hii, wenzangu mlioko Dar na Tanga, kabla habari haijakufikieni kwa midomo ya watu. Ikitangulia hiyo ya midomoni, mtaambiwa nilizikwa nikatoka. Sikuzikwa. Ila pia haikubaki mbali.

Mnajua kwamba mwaka huu nimekabidhiwa vijana wa mtaa wetu huku Ng'ambo ya Unguja, niwatayarishe kwa ligi ya vijana. Ligi inaanza skuli zikifunguliwa, na sasa zimefungwa, kwa hiyo kazi yote ni ya wakati huu wa kaskazi, jua likiwa kama limeshushwa juu ya mabati. Wazazi walinikubali kwa shida. Msimu uliopita mwalimu mwingine aliwakimbiza watoto mchana mpaka wawili wakaanguka, mmoja akalazwa. Basi safari hii Mzee Haji, mwenye duka la vitambaa na baba wa golikipa wetu, alinisimamisha mbele ya wazazi wote akanipa masharti. Mazoezi yawe alfajiri, yaishe kabla jua halijakaa vizuri. Watoto wanywe maji kila wakipumzika. Mwenye homa abaki kwao. Siku za mwanzo ni kutembea na kunyoosha viungo; mbio zije polepole.

"Na akitolewa mtu mmoja kiwanjani kupelekwa hospitali," akamalizia, "basi. Kila mzazi atachukua mwanawe, na timu hakuna."

Nikaapa. Na wallahi nimetimiza. Kila siku nafika mbele yao, naokota vigae na misumari kiwanjani. Nawakagua miguu. Ndoo za maji nazitia ndimu na chumvi kidogo, naziweka kivulini ukutani mwa skuli. Aliyeteguka kifundo nimemkataza kugusa mpira mpaka atembee bila kuchechemea, na alinilia. Vijana wamepata pumzi, wamepata miguu. Ukiwaona utasema kombe wameshalibeba.

Watoto hawakuwa na tatizo. Tatizo ni mimi.

Masharti yale niliyapokea kwa niaba yao. Mwenyewe nilijiona hayanihusu. Sisi wakati wetu tulikatazwa maji katikati ya mazoezi. Tuliambiwa ukinywa huku unahema, bandama linapasuka. (Nimesoma mpaka sekondari. Nimesimamishwa mbele ya picha ya mwili wa binadamu nikalionyesha bandama kwa fimbo. Bado niliamini.)

Basi leo asubuhi tukamaliza kama kawaida. Nikapuliza filimbi, wakaenda kivulini kunywa, wakabaki huko kushona nyavu za goli mpaka jua likakaribia utosini. Mimi nilikuwa nakusanya mipira, mgongo nimewapa. Nikasikia wananitaja kwa jina walilonipa wenyewe, Babu.

"Babu kazi yake filimbi tu. Mwenyewe kiwanja hiki hakizunguki hata mara moja."

"Nyamaza weye, atakusikia." Huyo Makame, kapteni wetu.

"Akisikia ndio atakimbia?"

Wakacheka. Kile kicheko cha chini chini, cha kumhurumia mtu mzima. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mngejifanya hamkusikia, kwa sababu mna akili. Mimi nikavua kanzu.

Ndani nilikuwa na bukta na ile fulana nzito ya klabu yetu ya zamani. Nadhani mnaikumbuka. (Zamani ilikuwa inanipwaya. Sasa tumbo limeijaza, na nikipandisha mikono inapanda nayo.)

Makame akasimama. "Babu, jua lishafika utosini. Sharti la Mzee Haji."

"Sharti la watoto hilo. Mimi mtoto?"

"Basi kunywa maji kwanza."

"Makame, sisi mazoezini hatukuwa tukinywa maji."

"Mlikuwa mkinywa nini?"

"Tulikuwa tukinywa ushindi, bwana!"

Wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyonimaliza. Mzunguko wa kwanza nikaenda vizuri, kifua mbele. Wa pili nikawapungia mkono. Wa tatu nikaona goli lina milingoti mingi kuliko tuliyosimamisha. Makame anaita, "Babu, inatosha!" na mimi nikamwonyesha kidole kimoja, kwamba bado mmoja. Kidole chenyewe nikakiona viwili.

Huo wa nne sikuumaliza.

Yanayofuata sikuyaona, nimesimuliwa na Makame mwenyewe, huku akijizuia kucheka kwa adabu, na adabu ikamshinda.

Walinibeba mpaka kivulini, wakanimwagia maji ya ndoo, ndimu na chumvi yake. Nikafumbua macho, nikataja majina ya wachezaji wa zamani, nikafumba tena. Gari hakuna. Makame akakimbilia nyumba ya jirani ya Bi Mwanaidi, akarudi na kitanda cha kamba, Bi Mwanaidi mwenyewe nyuma yake.

"Mpelekeni hospitali mara moja!" akasema Bi Mwanaidi. "Mnangoja nini?"

Hapo ndipo golikipa, mwana wa Mzee Haji, akashika kichwa. "Hospitali? Baba akisikia tu, timu imekwisha. Na njia ya hospitali inapita dukani kwake."

"Kwa hiyo tumwache Babu afe?" akauliza Makame.

"Sijasema afe. Nasema asionekane."

Wakafanya kikao, mimi nimelala. Wakakata shauri kwamba duka la Mzee Haji watalikwepa kwa kupita sokoni Darajani. Na ili mzazi yeyote asinitambue njiani, wanifunike. Bi Mwanaidi akaleta shuka lake jeupe, jipya, akasema hata jua litanikinga. Wakanifunika kutoka utosini mpaka vidole vya miguu. Wakalichomeka na pembeni lisipeperuke. Mafundi.

Sasa nyinyi wazaliwa wa huku mmeshafahamu kabla sijasema. Kitanda mabegani. Juu yake mtu, kafunikwa gubigubi kwa shuka jeupe. Waliombeba vijana, nyuso zimewashuka, wanakwenda mbio mbio, hawasemi. Na saa yenyewe wanaume wanatoka sokoni kwenda kusali adhuhuri.

Jeneza kwetu halipiti mtu akakaa. Muuza samaki aliacha samaki. Mwenye mizani aliacha mizani inayumba. Kila mtu mbio, atie bega, apige hatua chache, ampishe mwenziwe apate thawabu naye. Maiti humjui? Thawabu ndiyo ile ile.

"Lete, mwanangu, lete," bwana mmoja akamwambia Makame, bega lake lishaingia chini ya kitanda. "Nyinyi watoto mmechoka."

"Ahsante, mzee, lakini huyu—"

"Nnajua. Poleni sana. Nani wenu?"

"Babu yetu, lakini haja—"

"Mungu amrehemu babu yenu!"

"Amin!" wakaitikia watu, na kitanda kikaondoka.

Nanyi mnajua kitanda kikiwa kwenye mabega ya watu hakitembei, kinaruka. Vijana wangu, niliowafunza mbio kwa wiki zote hizi, hawakukipata. (Hilo limenisononesha kikocha.) Waliokuwa mbele walidhani walio nyuma wanajua kunakopelekwa, na walio nyuma wakadhani walio mbele wanajua. Wote wanasoma "La ilaha illa Allah," hakuna anayeuliza. Nikapelekwa msikitini, ndiko maiti anakopelekwa saa ya sala.

Makame na wenzake wakafika mlangoni wanahema. Mzee mmoja akawazuia kwa mkono.

"Wapi, na bukta hizo?"

"Mzee, yule maiti wetu—"

"Maiti wenu yupo, haendi mahali. Kajisitirini kwanza, mtawadhe."

Wakaanza kutafutana mashuka. Ndani adhuhuri ikasaliwa. Mimi nimewekwa mbele, pembeni, nipo na sipo.

Sasa narudi kusimulia mwenyewe, maana hapo ndipo nilipozinduka.

Nafumbua macho. Nyeupe. Nageuza macho kulia, nyeupe. Kushoto, nyeupe. Kumetulia, kuna ubaridi mzuri, kunanukia udi. Nikakumbuka kiwanja, nikakumbuka milingoti ile mingi. Nikasema moyoni: basi. Ushakufa, na umekufa kwa upumbavu.

Nataka mniamini, sikuogopa sana. Nilihuzunika. Nilimwona mke wangu kajitanda kanga, anakaa eda. Kisha nikawaona vijana, kila mmoja anashikwa mkono na babake kurudishwa nyumbani, msimu haujaanza na mwisho wake ni mimi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kufa kwenyewe.

Mara nikahisi nanyanyuliwa, nawekwa mahali. Sauti nzito, ya upole, ikasema juu ya kichwa changu:

"Huyu mwanamume au mwanamke?"

Alikuwa imamu. Anauliza kwa sababu dua ya maiti mwanamume na ya mwanamke si moja, kama kila imamu. Lakini kwangu mimi, jamaa zangu, mtu ambaye ameshajikubali kuwa maiti, sauti ile haikuwa ya imamu. Nikajua haya ndiyo yale maswali tuliyosomeshwa chuo cha Kurani tangu wadogo, kwamba ukishalazwa kaburini malaika watakuja nayo.

Kumbe watu wanatazamana.

"Nani mwenyewe? Nani kaja naye?"

"Mimi nimempokea kwenye samaki," akasema mmoja.

"Na mimi nimempokea kwake yeye."

"Hata jina lake hatulijui?" sauti ikauliza. "Wala kazi yake duniani?"

Nikaona nikizidi kunyamaza nitaonekana nina la kuficha. Nikavuta pumzi yote niliyobaki nayo, nikainuka nikakaa wima, shuka kichwani, nikajibu kwa sauti ya kiwanjani:

"Mwanamume! Mwalimu wa mpira! Na watoto wa watu sikuwadhulumu! Wote wazima, wote wamekunywa maji!"

Sitaki kusema uongo kuhusu watu wa sala, ni watu wazima na wengine nawaheshimu. Nasema tu kwamba msikiti ule una madirisha makubwa, na leo yalitumika. Imamu hakukimbia. Baadaye alinieleza kwamba si ushujaa. Kanzu yake ilikuwa imekanyagwa na mguu wa kitanda.

Shuka likaniteleza usoni. Safu ya mbele alikuwa amebaki mtu mmoja, kajibana kwenye nguzo, mkono kifuani. Mzee Haji! Vijana walilikwepa duka. Hawakufikiri kwamba mwenye duka naye husali.

"Bakari?" akasema kwa sauti ndogo.

"Naam," nikaitika.

"Wewe u hai?"

"Sijui. Ulizia."

Hapo ndipo nikatazama mwili wangu. Msikitini, mbele ya mihrabu, bukta juu ya magoti, fulana imepanda, kitovu nje. Nikajifunga shuka la Bi Mwanaidi haraka haraka. Imamu akaniletea maji. Nikanywa. Akaongeza, nikanywa. Na bandama limo, halijapasuka.

Wakaingia vijana wangu, wamejifunga vitambaa vya kila rangi. Wakasimama mstari, vichwa chini. Mzee Haji akawapitia mmoja mmoja, anawagusa vipaji vya nyuso.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Wewe?"

"Kila mapumziko, mzee. Babu hatuachii mpira mpaka tunywe."

Akanigeukia. Waliokimbia wakaanza kurudi, wanachungulia. Timu yote ilikuwa kinywani mwa mtu huyu.

"Bakari, nilisema mtu mmoja akitolewa kiwanjani kupelekwa hospitali."

"Ulisema," nikakubali. "Na kosa ni langu peke yangu. Hawa walinikataza, sikusikia. Wasiadhibiwe wao."

Golikipa akakohoa. "Baba, lakini hospitali hakufika. Kafika msikitini."

Kwanza akacheka imamu. Kisha msikiti mzima. Mzee Haji alijikaza, masharubu yakamtetemeka, ikabidi ajifute macho.

"Nisikilizeni," akasema alipoweza. "Mwalimu wa mwaka jana nilimuuliza akiwa hai, akaniambia watoto wazima, na mmoja yuko kitandani hospitali. Huyu ameulizwa akidhani yumo kaburini. Wakati ule mtu hasemi uongo. Na angeweza kutaja sala zake, angeweza kutaja saumu zake. Kataja maji ya watoto wetu. Kesho mazoezi yapo."

Vijana wakaruka, imamu akawanyamazisha. Mzee Haji akaninyooshea kidole. "Ila wewe masharti yako yameongezeka. Filimbi utapuliza umekaa. Na kukimbia, hata ukiona simba, utembee."

Nimekubali. Wakanipeleka hospitali kwa miguu yangu, nimeambiwa ninywe maji na nipumzike, na nisijione kijana. (Hilo la mwisho halikuwa kwenye cheti. Amelisema daktari kwa mdomo, mara mbili.)

Njia ya kurudi ni ile ile ya Darajani. Yule muuza samaki aliponiona alisimama kwa heshima zote, mkono kifuani.

"Shikamoo, marehemu!"

"Marahaba," nikaitika. Ningefanyaje, adabu ni adabu.

Basi ndiyo hayo, na nakuombeni msicheke. Najua mmeshacheka, basi msiwasomee wake zenu. Na siku mtakapokuja Unguja mkanikuta nimejinyoosha barazani nimejifunika shuka, kabla hamjanitia mabegani, nitikiseni kwanza.