Gome la Utafiti

Kasimiri alikuwa anafuta vidole vyake kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua alipoona habari iliyomfanya asahau kutafuna. Ilisema madaktari wa ng'ambo wametengeneza dawa ya saratani za wanawake kutokana na gome la mti mmoja wa nchi za baridi. Dawa hiyo, gazeti lilieleza, huzizuia chembe hai za ugonjwa zisigawanyike na kuenea. Tatizo lao lilikuwa moja tu: magome yenyewe ni haba.

Akainua macho. Mbele yake, juu ya mabati ya Mwembesongo, milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka mabegani. Kule juu kulikuwa na baridi, na miti ilikuwepo mingi, kila mmoja na gome lake.

"Dada Juliana," alimwita mwenye vitumbua, "kwenu si Kinole?"

"Kinole hasa. Dada yangu Winfrida yuko kule mpaka leo, analima ndizi na mdalasini. Kwani vipi?"

"Nina shughuli ya utafiti," alisema Kasimiri, na neno lenyewe likamkaa mdomoni vizuri kuliko kitumbua.

Tusimwonee. Kasimiri hakuwa mwizi. Mwizi huchukua bila kuomba, lakini Kasimiri aliomba, tena kwa adabu, na watu wakampa kwa mikono yao wenyewe. Zamani alikuwa karani wa stoo katika kiwanda, hadi kiwanda kilipofungwa na makarani wakaambiwa wakajitegemee. Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyekuwa na duka alijaza redio na baiskeli, aliyekuwa na mtaji alileta mitumba, na Kasimiri, ambaye alikuwa na ulimi peke yake, aliutumia.

Siku ya tatu alikuwa Kinole, amevaa koti jeupe la mtumba na kalamu mbili mfukoni. Winfrida alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye macho yasiyo na haraka. Aliwahi kufanya usafi miaka mingi katika zahanati ya misheni kabla ya kurudi shambani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Juliana hajambo?"

"Hajambo kabisa. Dada, natafuta magome ya miti. Ya mti mkubwa, wa zamani, wenye gome nene."

Winfrida alitazama koti, akatazama kalamu. "Kuna mfenesi ulioanguka kule bondeni. Gome lake unaweza kulibandua mpaka uchoke. Lakini gome la mfenesi la nini, mdogo wangu?"

"Utafiti, dada. Mambo ya chembe hai."

"Haya," alisema Winfrida. Akamuuzia magunia manne kwa bei ya kuni, akamwongezea mkungu wa ndizi.

Mzee Mwinjuma alikuwa na duka la mitumba karibu na soko, na alikuwa na tabia ya kuamini kwamba kila biashara nzuri mjini inapitishwa kichochoroni ili yeye asiione. Kwa hiyo Kasimiri hakumfuata. Alipita tu mbele ya duka lake mara tatu kwa siku na mfuko uliofungwa kwa lakiri, akitazama nyuma. Siku ya pili mzee alitoka nje mwenyewe.

"We Kasimiri! Unaficha nini?"

"Shikamoo mzee. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu kinafungwa lakiri?"

Kasimiri akapumua kwa huzuni kama mtu anayesaliti siri ya serikali. Akatoa kipande cha gazeti. Mzee akakisoma akifuata mistari kwa kidole, na alipofika kwenye neno "haba" kidole kilitulia palepale.

"Na mti huo uko hapa kwetu?"

"Mzee, mimi sijasema hivyo. Waliosema ni wazungu wawili nilioonana nao Dar. Watakuja wenyewe kununua. Shida, mimi sina mahali pa kuhifadhi, na kuna Mwarabu wa Msamvu ananisumbua…"

Kumtaja Mwarabu wa Msamvu, ambaye hata hakuwepo, kulimaliza mazungumzo. Jioni hiyo magunia yote manne ya magome yaliingia stoo ya Mzee Mwinjuma, na Kasimiri akaondoka na pikapu ya Datsun ya mzee, kuukuu lakini inayowaka, pamoja na redio kaseti yenye spika mbili. Aliendesha mji mzima mkono nje ya dirisha. Hata askari wa barabarani alimpigia saluti, kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo angepaswa kwenda Dodoma, au Iringa, au popote. Mjanja mwenye busara huhama. Lakini Kasimiri alipenda Morogoro, alipenda kuonekana Morogoro na Datsun, na kila alipoulizwa na mzee wazungu wako wapi, alijibu kwamba wamekwama kwenye vibali. Vibali vilieleweka. Kila mtu mjini alikuwa amekwama kwenye vibali.

Alichosahau ni kwamba mfanyabiashara hawezi kutazama mzigo umelala. Mwezi ulipopita, Mzee Mwinjuma aliyatwanga magome kidogo, akayachemsha, akabandika kibao nje: DAWA YA UTAFITI, MAGONJWA YA AKINA MAMA. Akawa anauza kwa kikombe.

Kasimiri alikiona kibao akacheka peke yake ndani ya Datsun. Wiki kadhaa baadaye akaenda kula vitumbua, na huko hakucheka. Dada Juliana alikuwa amekonda. Kitenge kilimzunguka mara mbili, na alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyeogopa kusimama.

"Unaumwa, dada?"

Juliana alitazama pembeni. Mambo mengine mwanamke hamwambii mteja. "Damu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Na umri wangu umeshapita huko. Lakini nashukuru, nimepata dawa kwa Mzee Mwinjuma. Wiki ya tano sasa. Si ndiyo ile yako ya utafiti?"

Kasimiri akaweka kitumbua chini. "Dada, nenda hospitali."

"Hospitali nitapangwa foleni mpaka Krismasi. Hii imetoka kwenu kwa wataalamu."

Kasimiri alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: ni mfenesi, dada. Maneno matatu. Mtu aliyeweza kuongea saa nzima bila kupumua alijaribu kuyatoa mara tatu, na kila mara aliona Datsun ikirudi kwa mwenyewe na yeye akienda kituoni. "Basi punguza kidogo," alisema, akaondoka. Usiku ule redio kaseti ilimkera, akaizima.

Juma lililofuata Winfrida alishuka mjini na mdalasini wake. Alilala kwa Juliana siku mbili. Siku ya tatu alimkuta Kasimiri anaosha Datsun mtoni, akamsalimia vizuri tu, kama dada.

"Mdogo wangu, nimekuletea habari, sijui kama itakufaa. Kuna daktari amekuja kule kwetu. Daktari Faraja, mwanamke, msomi. Anafanya utafiti wa saratani ya akina mama, anataka sampuli. Nikasema kumbe Kasimiri alikuwa mkweli!"

Sifongo lilimwanguka Kasimiri mkononi. "Sampuli za nini?"

"Mimi sikusoma. Anasema chembe hai. Yuko nyumba ya masista leo, kesho anarudi mlimani. Nimemwambia kuna kijana mjini anaweza kumsaidia kuzipata, lakini ni mtu wa aibu, hapendi mambo yatajwe kwa majina."

Hivyo Kasimiri, aliyeitunga habari hii kwa kinywa chake, aliisikia kwa kinywa cha mwingine na akaiamini. Huu ni ugonjwa ambao bado haujapatiwa gome.

Daktari Faraja alikuwa mwanamke mdogo wa miwani, na mezani kwake kulikuwa na hadubini ya kweli na visanduku vya vioo. Kasimiri alivitazama vile vioo kimoja kimoja. Hawa hawakuwa watu wa kalamu mbili mfukoni.

"Nimesikia unatafuta… sampuli," alianza, akishusha sauti.

"Ndiyo, na kuzipata ni taabu," alisema daktari. "Nahitaji nyingi iwezekanavyo. Za milimani hasa, huko hakuna aliyewahi kupima."

"Mimi naweza kuleta za Kinole zote."

"Zote?" Daktari alifurahi. "Wanaume wengi wananikatalia."

"Hawana upeo. Hata za Matombo nakuletea. Ila niulize: za umri gani?"

"Swali zuri sana. Kuanzia miaka thelathini kwenda juu. Chini ya hapo si rahisi kuona kitu."

Kasimiri aliupigia hesabu ule mfenesi. Hamsini haikosi. "Zangu zimepita thelathini kwa mbali."

"Hongera. Basi Jumanne asubuhi, zahanati ya misheni. Na wasiogope gharama, mradi unalipa kila kitu, hata usafiri."

"Mradi unalipa," alirudia Kasimiri, kama mtu anayeitikia sala.

Jioni hiyohiyo alikuwa kwa Mzee Mwinjuma. Aliingia kwa mwendo wa kizembe, akasema wazungu wameahirisha, na kwa kuwa yeye ni muungwana, yuko tayari kuyachukua magome ampunguzie mzee usumbufu.

Mzee Mwinjuma alishika ndevu zake. "Magome haya? Hapana, mwanangu. Nimeyazoea. Yananukia vizuri."

"Nitakurudishia redio."

"Redio ninazo dukani."

"Redio na baiskeli yangu."

"Kasimiri," alisema mzee kwa upole, "mimi nikiliona gunia lile asubuhi, moyo wangu unatulia. Unaninunuliaje moyo kwa baiskeli?"

Walibishana mpaka adhana. Mwishowe Datsun ilirudi kwa Mzee Mwinjuma, na redio, na baiskeli, na saa ya mkononi ambayo mzee aliiomba kama kumbukumbu. Kasimiri alitoka akijizuia kuruka. Alimwonea hata huruma: mzee wa watu amepewa chuma kuukuu, ameachia dhahabu!

Jumanne alipanda Kinole kwa Landrova ya abiria, magunia yake juu ya paa. Koti jeupe alilipiga pasi. Mbele ya zahanati ya misheni akina mama wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, vitenge vizuri, kama siku ya ubatizo. Kasimiri aliburuta magunia yake manne, moja baada ya jingine, mpaka mbele ya foleni.

"Samahani, akina mama. Mimi nina miadi."

Muuguzi alitoka na daftari. "Jina?"

"Kasimiri. Nimeleta sampuli."

"Kaka, sampuli hailetwi. Inachukuliwa humu ndani. Unavua, unapanda kitandani, daktari anakupima mlango wa kizazi." Akamtazama juu hadi chini. "Una kizazi?"

Kicheko kilichotoka kwenye yale mabenchi kilisikika mpaka kwenye migomba ya upande wa pili wa bonde. Daktari Faraja alitoka mbio, akiwa na glovu mikononi.

"Afadhali umefika! Wako wapi wanawake wa Matombo?"

Kasimiri akatazama magunia, akamtazama daktari, na yale mazungumzo yao yakampitia kichwani neno kwa neno, kila neno sasa likiwa na maana yake halisi. Kisha akamwona Winfrida amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Daktari hakukudanganya hata kidogo," alisema Winfrida. "Na mimi sikusema uongo. Nilisema anataka sampuli."

"Dada, umenimaliza."

"Mdogo wangu Juliana amekunywa mfenesi wiki sita." Hakupaza sauti. "Ningekupeleka polisi, wewe ungekaa ndani na Juliana angebaki bila usafiri. Nikaona gari ni muhimu kuliko wewe. Mzee Mwinjuma, nilipomwambia ni mfenesi, alinililia nimsaidie kulirudisha gari lake, nikamwambia atalipata, ila safari yake ya kwanza ni yangu. Na kibao chake nilikipasua kuni."

Datsun ilikuwa imesimama nyuma ya jengo, Mzee Mwinjuma kwenye usukani, hatazami upande wowote. Juliana alikuwa ameshapimwa jana yake. Daktari alikuwa ameona cha kutosha kumwandikia barua ya kwenda Dar, kwenye matibabu ya mionzi, na alisema kuna matumaini, mradi wasipoteze hata siku moja nyingine.

Walimtoa Juliana amejifunika khanga. Alitembea hatua mbili, akasita. Kasimiri, ambaye wakati huo angeweza kutoroka, kwani hakuna aliyemzuia, alikwenda akamshika mkono.

"Dada Juliana. Ulikuwa mfenesi tu."

"Nimeshaambiwa," alisema Juliana. Akamwegemea, kwa sababu alihitaji mtu wa kumwegemea na yeye ndiye aliyekuwa karibu. "Mkoba wangu usiuangushe. Una rozari."

Alimpandisha, akamwekea mto mgongoni, Datsun ikateremka taratibu ikikwepa mashimo. Niharakishe kusema kwamba Juliana alirudi Mwembesongo baada ya miezi minne, nywele na mwili vimepungua, akikoroga unga wa vitumbua akiwa amekaa, na anaendelea na kliniki yake.

Kasimiri naye? Daktari Faraja, ambaye hakuelewa nusu ya mambo haya na hakutaka kuyaelewa, alimfungulia daftari. "Umeniahidi za Matombo. Nimeandika. Watu thelathini."

"Daktari, mimi…"

"Aliahidi," walisema akina mama wa mabenchini kwa pamoja.

Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa la Matombo baada ya misa, bila koti jeupe, bila kalamu. Wanawake walimzunguka. Maisha yake yote maneno yalimjia kabla hajayaita, lakini siku hiyo ilibidi ayatafute moja moja.

"Akina mama," alisema, "kuna daktari Kinole. Anapima saratani ya mlango wa kizazi. Ni kipimo cha dakika chache, na ukiwahi, unatibika. Mimi siuzi kitu. Ni bure."

Walitazamana. Bibi mmoja wa mbele, Veronika, alikunja uso, akamsogelea na kumchunguza kwa makini, kama anayekagua noti.

"Bure?" akasema. "Jamani, shikeni mikoba yenu. Huyu ni tapeli."