Kaswida kwa Simu, Kutoka Dunguni

Jumatatu, 12 Mei 2025
Alhamdulillahi, nimepata akili. Mpunga umeiva, ndege wameshuka, na maulidi ya hapa Mohoro ni wiki ijayo. Mimi na Ustadhi Mtoro kila mmoja ana watoto wake wa kuwafundisha kaswida. Wazazi wamesema watakaosoma vizuri, mwalimu wao ndiye atakayekabidhiwa chuo kipya cha msikitini. Sasa niamie ndege au nifundishe? Vyote! Nitakaa dunguni, kwenye jukwaa la kufukuzia ndege shambani, nisome kaswida kwenye simu, nitume. Bi Mwanabibi, mama wa mmoja wa watoto, kajitolea simu yake. Ataitia ndani ya sufuria ili sauti ivume, watoto waizunguke. Mke wangu Mashavu kauliza nani atawasahihisha. Nimemwambia hii ndiyo elimu ya sasa, mwalimu hasogei.

Jumatano, 14 Mei
Nimetuma. Sauti tamu, Mungu anisamehe kujisifu. Ndege walisumbua kidogo katikati, nikamalizana nao. Mashavu alisema nijisikilize kabla ya kutuma. Nijisikilize nini? Sauti yangu naijua tangu utoto.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekutana na Mtoro msikitini. Watoto wake anawakalisha jamvini kila alasiri, anawatazama midomo mmoja mmoja. Mpunga wake nusu umeliwa. Nimecheka moyoni, kisha nikatubu. Akanishauri kwa upole nichanganye, nusu simu, nusu jamvini. Angalau niende siku moja niwasikilize. Ujanja huo! Anataka nishuke dunguni ndege wapate nafasi.

Jumanne, 20 Mei
Bi Mwanabibi kapiga. Watoto wameiva kuliko mpunga, wanafuata simu neno kwa neno. Ila kauliza yale makofi ya katikati yana maana gani. Nikamjibu makofi kwenye kaswida hayana ubaya. Mtandao ukakatika.

Alhamisi, 22 Mei
Maulidi. Watoto wa Mtoro wamesoma vizuri. Mmoja alisahau, wenzake wakambeba. Wangu wakasimama. Ubeti wa kwanza, watu wanatikisa vichwa. Wa pili, Bi Mwanabibi analia. Wa tatu, wakapiga makofi, na kwa sauti moja:

"Haaa! Shwaa! Tokeni, walafi nyie! Mashavu, uji wangu uko wapi?"

Wageni waliokaa kusubiri pilau wakatazamana. Watoto wakakohoa, wote pamoja, wakaingia ubeti wa nne.

Upande wa wanawake, Mashavu kwa mazoea akaitika: "Unakuja!"

Watu walicheka hadi mzee mmoja akavua kofia kujifutia machozi. Mtoro hakucheka. Aliniinamia, akaniuliza taratibu: "Ustadhi, huo uji ni faradhi au sunna?"

Chuo kakabidhiwa yeye. Uji wenyewe sikupata.

Ijumaa, 23 Mei
Nimetafakari baada ya swala. Haki isemwe, hakuna mtoto aliyekosea. Hata kikohozi changu wamekishika vilevile. Kwa hiyo simu haina kosa, kosa ni la ndege. Mtoro, Mungu ambariki, kaniomba nikamsaidie wale wadogo jamvini. Nimemwambia anipe namba za wazazi tu. Kesho naanza kurekodi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kule hakuna ndege hata mmoja.