Maktaba Yenye Miwani

Leo nimejidhalilisha mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya kidato cha nne kizima, mkuu wa shule na afisa elimu. Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeniuliza "ikawaje?" kabla sijamaliza, namtoa kwenye kundi.

Tuanze asubuhi. Wengi wenu mnajua nafundisha Biolojia huku mwambao wa Nyasa, upande wa kusini, ambako ukitembea kidogo tu simu inakukaribisha Msumbiji. Leo tulikuwa na ugeni. Watu wa ile maktaba ya mtandaoni ya walimu wanazunguka sekondari za ukanda huu kutafuta shule ya kuipa vishikwambi vya wanafunzi pamoja na umeme wa jua wa kuvichajia. Shule moja tu, basi. Na vijana wangu wanasoma kitabu kimoja cha Biolojia darasa zima, tena kimechanika sura yote ya uzazi (aliyezichukua kurasa hizo namshuku, na yeye anajua namshuku). Nilivitaka vile vishikwambi kuliko nilivyowahi kutaka uhamisho.

Mkuu akaniita kabla hata sijanywa chai.

"Mwalimu Edigna, wageni watakaa kwenye kipindi chako. Fanya somo la vitendo, la samaki. Na maswali uyatoe kwenye maktaba yao, waone tunaitumia."

"Mkuu, si ungeniambia jana?"

"Ndiyo nakuambia sasa."

Huyo ndiye mkuu wetu. Kwaya mimi, bustani mimi, matroni wa wasichana mimi, na ugeni ukija ni mimi. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akakumbuka kitu. "Na huyo samaki msimkatekate ovyo. Ndiye chakula cha mchana cha wageni."

Nikashuka ziwani nimenuna, nikanunua mbasa mmoja mkubwa, nikamweka kwenye beseni la maabara na kumfunika kwa jani la mgomba. Halafu nikachukua kishikwambi changu nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Hapo ndipo mtandao wa shule unapoishi. Ukisogea kushoto umeupoteza, ukisogea kulia uko Msumbiji.

Nikafungua maktaba. Kwenye kisanduku cha kutafutia nikaandika: samaki. Ikaniletea sera ya uvuvi, namna ya kuchimba bwawa, na hadithi ya darasa la pili ya samaki aliyekataa kuoga. Nikaandika: mtihani wa vitendo. Ikaleta ya Kemia, ya Fizikia, ya Kilimo, ukurasa juu ya ukurasa, na kila ukurasa unafunguka taratibu kama mtu anayevua buti zenye matope. Nikaona isiwe taabu, niieleze kila kitu kwa mkupuo: mtihani wa vitendo wa Biolojia kidato cha nne kuhusu samaki pamoja na majibu yake. Jibu: hakuna nyaraka iliyopatikana.

Hakuna. Maktaba nzima. Jua limeshapanda, mbasa yuko kwenye beseni, na nzi wameshapata taarifa. Nilikuwa na hasira ya kutosha kukitupa kile kishikwambi ndani ya tangi.

Ndipo chini kabisa ya ukurasa nikaona kisanduku kingine: "Hujapata? Andika hapa, utasaidiwa."

Sasa hapa naomba mnielewe. Kwenye semina ya juzi kule Mbinga, mwezeshaji alituambia siku hizi mitandao ina akili mnemba, wewe unaandika, yenyewe inajibu. Akasisitiza kabisa: "Inaiga mtu. Itakwambia ina njaa, itakwambia ina watoto. Msidanganyike." Mimi nilikaa mstari wa mbele nikiitikia kwa kichwa. Mwezeshaji yule, popote alipo, nina maneno naye.

Nikaandika jina langu, shule yangu, na kwamba nimetafuta sijapata. Muda kidogo ikajibu.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Karibu. Nikusaidie nini?"

Nikaandika: "Acha salamu. Vitendo, Biolojia, kidato cha nne, samaki, na mwongozo wa kusahihisha. Haraka."

"Sawa, Mwalimu. Naomba subira, niko njiani, huku mtandao unakatikakatika."

Nikacheka peke yangu nyuma ya tangi. Mashine iko njiani, inakwenda wapi, mnadani? Mwalimu Skola wa Historia alikuwa anapita, akasikia, akaja kuchungulia (ana kipindi, wanafunzi wanamsubiri, yeye amesimama na mimi nyuma ya tangi). Akasema, "Ndiyo hizo walizotuambia. Iulize jina."

Nikaiuliza. Ikajibu: "Naitwa Mzee Otmari, ndiye ninayewahudumia walimu hapa."

Nikaandika: "Hata ukijiita askofu. Nipe nyaraka."

Ikatuma nyaraka. Nikasubiri ifunguke, ikafunguka. Ilikuwa ya chura. Chura, wapendwa, amelazwa chali na mishale ya kuonyesha ini.

Hapo ndipo nilipopoteza ustaarabu wote niliolelewa nao. Nikaandika: "Nimesema samaki. Huko kwenye nyaya zenu chura na samaki ni kitu kimoja? Wewe ni bati tu. Bati lisilo na macho."

Halafu ikaja: "Pole, Mwalimu. Miwani yangu imejaa vumbi, sikuona vizuri. Ngoja nitafute tena."

Skola alikaa chini kabisa kwenye majani. Maktaba ina miwani! Nikapiga picha ya skrini nikawarushia humu, na nyie mkacheka, msijifanye leo ni mimi peke yangu. Mmoja wenu (namhifadhi) akaandika, "Muulize mkewe hajambo." Nami, mtu mzima, mama wa watoto, nikamuuliza.

"Na mkeo hajambo?"

"Hajambo, nashukuru. Yuko shambani anachuma kahawa."

Skola akasema zimefundishwa vizuri sana hizi, mpaka msimu wa kahawa zinaujua. Nikakubali. Mnaona tulivyosoma?

Mwishowe ikatuma nyaraka yenyewe. Samaki, kidato cha nne, maswali safi, mwongozo wa kusahihisha umekamilika. Ilikuwa nzuri hata nikazidi kukasirika. Badala ya asante nikaandika: "Kumbe ulikuwa nayo muda wote unanichezea." Ikajibu kitu, sikukisoma, maana mtandao ulikata na kengele ikalia. Nikanakili maswali ubaoni mbio mbio, nikawapanga vijana, nikamsafisha mbasa.

Gari likaingia. Akashuka afisa elimu, mama mmoja mnene mpole. Akashuka kijana mwenye tai na mkoba wa kompyuta. Nikamfuata kijana moja kwa moja, nikampa mkono, nikamwambia hongera sana kwa kazi ya maktaba. Akasema, "Mimi dereva, Mwalimu." (Dereva mwenye tai. Nani alimruhusu?)

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akashuka mzee, koti la rangi ya udongo, vumbi la barabara ya kutoka Mbinga hadi kwenye nyusi. Akatoa miwani yake. Akaifuta kwa leso, polepole, akainua juani kuiangalia, akaifuta tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Sasa umenisalimia," akasema. "Mimi ndiye Otmari."

Sijui niliingiaje darasani. Najua tu kwamba nilifundisha. Na vijana walifanya kazi nzuri kuliko siku yoyote. Walionyesha mapezi, walionyesha matamvua, walieleza samaki anavyopumua mpaka afisa elimu akawa anaandika. Nikajisemea, pengine mzee ataniachia, ni mtu mzima, atanyamaza. Angenyamaza, naamini. Tatizo ni Mkuu.

Mkuu akasimama, kifua mbele. "Sasa Mwalimu Edigna awaonyeshe wageni jinsi alivyoitafuta nyaraka hii kwenye maktaba yenu. Hatua kwa hatua."

"Mkuu, mtandao hakuna humu ndani."

"Hauhitajiki," mzee akasema taratibu. "Yale mazungumzo yanabaki kwenye chombo. Fungua tu. Wewe soma yako, na mimi nitasoma yangu, vijana wajue namna ya kutafuta."

Akatoa simu yake mfukoni, akairefushia mkono. Kidato cha nne kikasogea mbele kwenye viti, kimenusa jambo.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. "Karibu. Nikusaidie nini?"

Zamu yangu. Hawa ndio watoto ninaowarudisha mlangoni wakiingia bila kusalimia. Nikasoma: "Acha salamu..."

Mguno ukapita darasani kuanzia mbele hadi nyuma. Mkuu akaanza kumtazama mbasa kana kwamba hajawahi kumwona. Tukaendelea. Yeye njiani, mimi askofu. Nilipofika kwenye bati nikanong'ona.

"Ongeza sauti, Mwalimu," akasema mzee. "Wa nyuma hawasikii."

"Bati lisilo na macho," nikasema.

"Pole, Mwalimu. Miwani yangu imejaa vumbi." Akaisoma hivyo hivyo, bila kucheka, huku miwani ikiwa puani pake. Afisa elimu alikuwa ameinamia faili, mabega yanatikisika.

Nikatamani niishie hapo. Mzee akanisubiri. Kwa hiyo nikasoma. "Na mkeo hajambo?"

"Hajambo, nashukuru. Yuko shambani anachuma kahawa." Kisha akainua macho kwenye simu akawaambia vijana, "Na kweli yuko shambani. Mwaka huu imezaa."

Darasa lilipasuka. Kuna kijana alikwenda chini ya meza na hakurudi. Skola, ambaye alikuwa mlangoni (hana aibu, kumbukeni ana kipindi), alikimbia na kiganja mdomoni.

Nikamgeukia mzee. Nilikuwa na aibu, lakini nawaambia ukweli, hasira ilikuwa nyingi zaidi. "Mzee wangu, kwa nini hukuniambia kwamba wewe ni mtu?"

"Nilikwambia jina langu," akasema. "Nikakwambia nina miwani. Nikakwambia nina mke. Nilibakiza nini, Mwalimu, cheti cha ubatizo?"

Nilipiga goti pale pale, kwenye maji ya samaki, na sketi yangu ya kanisani, nikamwomba radhi. Akaniinua kwa mkono akasema yamekwisha. Lakini mimi nilikuwa nawaangalia vijana wangu wanavyocheka, hawajui. Hawajui kwamba vishikwambi vyao vimeondoka kwa mdomo wangu. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya tangi, na huko sikutafuta mtandao. Nililia.

Nikaitwa ofisini wageni wakiwa mezani. Mbasa ameshapikwa, na mikato ya kidato cha nne inaonekana ubavuni. Mzee Otmari alikuwa anatoa miiba kwa utulivu wa mtu wa milimani asiyemwamini samaki.

"Kila shule tuliyopita imetushukuru," akamwambia afisa elimu. "Tumeimbiwa, tumesomewa ngonjera. Lakini mimi ndiye ninayekaa na maktaba ile, naona. Wanafungua ukurasa wa kwanza, wanafunga. Hakuna aliyetafuta kitu. Hapa nimempata mtu anayetafuta mpaka anatukana. Mimi naona viletwe hapa."

Afisa elimu akasema hata yeye anaona hivyo. Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Na Mkuu, jamani. Mkuu akafuta mdomo, akasema, "Mzee, huo ndio mkakati wetu. Nilimwagiza mwenyewe asikubali kushindwa." Akavuta kichwa cha mbasa kwenye sahani yake. "Na atakayevisimamia vishikwambi hivyo ni Mwalimu Edigna huyu huyu."

Kwaya mimi, bustani mimi, matroni mimi. Ongezeni vishikwambi.

Zile picha za skrini nilizowarushia asubuhi, zifuteni, nawaomba kistaarabu. Skola nimeona umeshaweka miwani kama picha ya kundi, tutaonana kesho. Vishikwambi vinakuja, vijana wangu watasoma. Kucheka chekeni, nimeshachekwa na watoto wa watu. Ila atakayeniandikia "hongera" humu, mimi na yeye basi.