Upasuaji wa Kasuku Biskuti

Jumatatu, 18 Agosti
Barua kutoka shuleni kwa binti yangu, Tess. Gwaride la Wiki ya Vitabu ni Ijumaa. Kila mtoto avae kama mhusika wa kitabu. Vazi litengenezwe nyumbani. Silaha marufuku, hata za plastiki. Basi! Upanga niliokuwa nikiupiga msasa tangu Julai umekwenda na maji. Tess atakuwa haramia, na haramia gani hana upanga?

Nilichungulia uani kwa jirani, Brett Hoskin. Mwanawe ameshinda zawadi ya gwaride miaka mitatu mfululizo. Safari hii Brett anajenga meli ya maboksi, mtoto anaingia katikati na kutembea nayo. Ina tanga. Ina nanga! Nilirudi ndani sina hamu hata ya chai.

Limebaki tumaini moja: kasuku wa begani. Tess ana wake wa kitambaa, jina lake Biskuti. Amelala naye tangu ana miaka miwili, na sasa ana saba. Nikamwomba anipe nimboreshe kidogo. Akasema sawa, ila Biskuti arudi mzima, tena niinue mkono niape. Nikaapa.

Jumanne, 19 Agosti
Nimempasua Biskuti tumboni kwa mkasi wa kucha. Pamba imejaa bakuli la saladi. Ndani nimetia mota ya mswaki wa umeme wa mke wangu, Kirsten. Mabawa yanapiga! Yanapiga mno, lakini hilo litajirekebisha lenyewe.

Kirsten aliuliza jioni kama nimeuona mswaki wake. Nikasema huenda umeanguka nyuma ya sinki. Hapo hapo kabati la bafuni likaanza kunguruma. Akalifungua, akamkuta Biskuti anayachapa mataulo kwa mabawa, akaniuliza hivi nina akili timamu kweli. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema basi sayansi ikanunue mswaki mwingine kabla maduka hayajafungwa.

Jumatano, 20 Agosti
Kasuku bubu hawezi kuishinda meli. Anahitaji sauti. Ya kasuku wa kweli haifai, wale weupe wa mtaani kwetu wanakwaruza kama geti lenye kutu. Lakini asubuhi magpai wetu, yule ndege mweusi mwenye mabaka meupe, aliimba juu ya nguzo ya kamba ya nguo mpaka nikasisimka. Nikamrekodi dakika nzima. Nani atajua tofauti?

Ni kweli huu ni msimu wao wa mayai, na wanashambulia wapita njia. Tarishi wa posta alikuja leo na helmeti iliyochomekwa vibanio virefu vya plastiki pande zote ili wasimdonoe, kama nungunungu. Pole yake. Mimi sifanyi kazi posta.

Alhamisi, 21 Agosti
Brett kachomoza kichwa juu ya uzio. Akauliza vipi jirani, mwaka huu mmekata tamaa mapema? Nikamjibu kwamba sisi tutavaa kofia tu, hatuna makuu. Akacheka, akasema kofia nayo si haba, mradi mtoto asichomwe na jua. Mjinga mkubwa! Nikaingia ndani nikabadilisha spika, nikaweka kubwa zaidi.

Tess aliuliza kama anaweza kulala na Biskuti. Nikasema yuko hospitali. Akauliza kama anaumia. Nikasema hapana, amepigwa sindano ya ganzi. Akaenda kulala amekumbatia soksi. Roho iliniuma, nakiri. Kisha nikasikia Brett anaijaribu kengele ya meli, ikapoa.

Ijumaa, 22 Agosti
Uwanja ulijaa. Wachawi kila upande, na kangaruu wanne. Meli ikapita, wazazi wakashangilia utadhani wamelipwa. Ikafika zamu ya Tess. Nikaibonyeza swichi ya mgongoni kwa Biskuti, nikakaa pembeni.

Mabawa yakapiga. Sauti ikatoka, tamu, kubwa, ikafika hadi kwenye mkaratusi ulio nyuma ya vyoo. Juu yake kulikuwa na kiota cha magpai mwingine. Mwenye kiota akashuka.

Alianza na kofia ya mwalimu mkuu, Bi Papadakis. Akageuka, akampitia mwalimu wa michezo sikioni. Watoto wakapiga mayowe, wakakimbilia chini ya meli ya Brett. Waliingia kumi na mmoja! Meli haikupasuka hata pembe. Mara ya tatu magpai akaking'oa kichwa cha Biskuti, akaruka nacho.

Tess hakujificha. Alimfukuza yule ndege uwanja mzima, kofia ikaanguka, hakuiokota, mpaka ndege akakiachia kichwa karibu na mabomba. Alirudi amekishika kwa mikono miwili. Hakulia. Heri angelia. Aliniuliza kwa nini nilitia sauti. Nikasema ili tushinde. Akasema yeye hakutaka kushinda, alitaka tu Biskuti aone gwaride.

Najisikia vibaya sana.

Zawadi amepewa mtoto wa Brett. Bi Papadakis alisema ni ya ubunifu na uokoaji.

Jumamosi, 23 Agosti
Tess na mama yake wamemshona Biskuti mezani asubuhi yote. Nilijitolea kushika uzi, nikaambiwa nikae mbali. Kichwa kimegeukia upande. Tess anasema ni vizuri, sasa Biskuti ataweza kuuangalia mlango nikija. Nimeomba radhi mara tatu, kwa dhati. Nimewaahidi wote wawili kwamba nimekoma kabisa. Kirsten akasema ataamini akiona.

Mchana nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa Tess, kwa herufi kubwa: BABA ASIMGUSE BISKUTI. Ni haki yake. Nimeisoma mara mbili, polepole, neno kwa neno. Farasi wake wa mbao hajatajwa popote. Yuko gereji, nimeshamtoa miguu.